Sabuni iliyokataa kuganda

Machi 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, mimi mwalimu wa kemia nilijikuta nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikiwa na darasa la watoto 3: binti yangu wa miaka 11, mdogo wake wa kiume wa miaka 7, na mtoto wa jirani aliyekuwa anakuja asubuhi na kuondoka akishashiba. Redio haikuchoka kutuambia tunawe mikono kwa maji na sabuni. Kwenye milango ya maduka ziliwekwa ndoo zenye koki, na pembeni kipande cha sabuni kilichotobolewa na kufungwa kamba kisije kikasafiri.

Yule wa miaka 7 ndiye aliyeanza. Alikuwa ananawa, akaacha, akakigeuzageuza kile kipande.

"Papa, sabuni inatoka kwenye mti gani?"

Dada yake akamcheka. Nami nilikuwa karibu kucheka, nikakumbuka kwamba hajakosea sana. Nikamwambia: mchikichi. Nikampeleka jikoni nikamwonyesha bidoni (dumu) ya mawese. Bukavu ina baridi yake. Asubuhi mawese yanakuwa yameganda nusu, mazito na mekundu, mpaka uisogeze bidoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ndipo yamiminike. Mtoto akachungulia, akatikisa kichwa.

"Haya yanachafua nguo. Sabuni inasafisha."

Ungemjibu nini? Nilichukua chaki, nikaandika nyuma ya mlango ile fomula ninayoandika kila mwaka: mafuta, jumlisha hidroksidi ya sodiamu, unapata sabuni na gliserini. Nikapiga mstari chini. Binti yangu akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Papa, wewe umeshaitengeneza?"

Miaka 14 nimefundisha. Sijawahi kutengeneza sabuni hata ya kunawia kidole kimoja. Maabara yetu ilikuwa na ubao na chaki, basi. Nikasema, "Kesho tutatengeneza," kwa sauti ya mtu ambaye anajua.

Wanaotengeneza sabuni mitaani kwetu hutumia soda kostiki, zile chembe nyeupe zinazopasha maji moto zenyewe bila makala, yaani makaa. Ukiimwaga ndani ya maji taratibu, hatari inapungua. Ukimwaga maji juu yake, inaweza kuchemka ghafla ikurukie usoni. Ikiingia jichoni, jicho limekwenda. Sikuwa tayari kuingiza kitu hicho ndani ya nyumba yenye watoto 3, mmoja wao si wangu. Nikaamua kutumia majivu. Majivu nayo yana alkali, nikajisemea, kwani tofauti iko wapi?

Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Koko, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua mawe kwenye maharage. Akasikia neno majivu, akainua uso.

"Ya nini?"

"Ya sabuni, Mama."

"Usichukue ya mbabula. Tafuta maganda ya ndizi, uyakaushe, uyachome mpaka majivu yawe meupe. Yakiwa meusi hayajaiva."

Alikuwa na haki. Weusi ule ni kaboni ambayo haijaungua. Tunachotaka ni kile kinachobaki baada ya moto kumaliza kazi yake. Siku 3 zilipita tukianika maganda kati ya mvua moja na nyingine, maana Machi kwetu mvua haina ratiba. Mtaa mzima ukatuletea maganda. Jirani mmoja akauliza kama nimeanza kufuga nguruwe.

Tulikata bidoni kuukuu, tukaitoboa chini, tukatandika majani makavu na kitambaa, tukashindilia majivu, tukamimina maji moto ya mvua. Chini yakadondoka matone ya rangi ya chai. Kabla sijasema lolote, kijana wangu alikuwa ameshachovya kidole.

"Yanateleza!"

"Yanateleza kwa sababu yameanza kugeuza mafuta ya kidole chako kuwa sabuni."

Akauficha mkono mgongoni. Ilibidi nimbembeleze ndipo akubali nimmwagie maji. Mtoto wa jirani yeye alitaka kujua kama kidole kizima kinaweza kwisha.

Mama akaagiza yai. Hicho ndicho kipimo cha zamani: maji ya majivu yakiwa makali vya kutosha, yai linaelea na kuchomoza kipara kidogo juu. Letu likazama moja kwa moja. Basi, tuyachemshe yapungue. Nikachukua sufuria ya kwanza niliyoiona, ile kubwa ya mke wangu, nikamimina.

Ndani ya dakika chache sufuria ikaanza kunong'ona. Vijipovu vikapanda kutoka chini kabla moto haujashika vizuri, na alumini ikawa kijivu, kisha nyeusi. Hilo nalo ninalifundisha! Alumini inalindwa na ngozi nyembamba ya oksidi. Alkali ikiivua ngozi hiyo, inaanza kula chuma chenyewe na kutoa hidrojeni. Liko kwenye daftari la kila mwanafunzi wangu, kwa mwandiko wangu. Mke wangu alirudi kutoka soko la Muhanzi na sambaza zake, wale samaki wadogo wa ziwani, akasimama mlangoni, akatazama.

"Mwalimu," akasema.

Huniita Papa ya batoto siku zote. Mwalimu ni kwa siku mbaya.

Mama akatoa chungu chake cha udongo bila kusema neno, na kazi ikaanza upya. Jioni yai lilielea. Tukayeyusha lita moja ya mawese, tukaanza kuyachanganya na maji ya majivu kidogo kidogo, tukichemsha na kukoroga kwa zamu. Makala yalikuwa ghali siku zile, na chungu kilikula makala kama garimoshi. Hapo ndipo nilipata nafasi ya kujibu swali la mafuta yanayochafua.

Niliwaambia hivi. Chembe moja ndogo kabisa ya mafuta ni kama mama aliyebeba watoto 3 mgongoni. Maji ya majivu yanakuja, yanawateremsha mmoja mmoja. Mama anabaki mwenyewe. Huyo ndiye gliserini. Kila mtoto anashikwa mkono na kitu kutoka kwenye majivu, na tangu hapo ana kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukisugua sahani yenye mafuta, mikia inajichomeka ndani ya mafuta, vichwa vinabaki nje vikishika maji, na maji yakiondoka yanavuta kila kitu pamoja. Ndiyo maana redio inapiga kelele, nikaongeza: kirusi kile kimevaa koti la mafuta, na mikia ya sabuni inalipasua.

Watoto wakanyamaza. Mama ndiye aliyejibu, bado macho yako kwenye maharage.

"Basi sabuni ni mkwe."

"Vipi, Mama?"

"Maji na mafuta ni koo mbili zisizosalimiana. Sabuni ameoa huku, kazaliwa kule. Wote wanamsikiliza."

Nimeshalitumia hilo darasani mara nyingi kuliko mfano wangu wa watoto 3.

Binti yangu alitaka kujua nani aliyewafundisha Wazungu kutumia mawese yetu. Nikamweleza kwa kifupi habari za William Lever, Mwingereza aliyetajirika kwa sabuni ya Sunlight. Mwaka 1911 aliingia mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na mji wa Lusanga kule Kwilu ukaitwa Leverville kwa jina lake. Watu wengi walilazimishwa kukwea michikichi kukata mashada ya matunda, na mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende wakaasi, uasi ukazimwa kwa risasi. Akaacha kukoroga. "Kwa ajili ya sabuni?" Kwa ajili ya sabuni. Mama akamwambia aendelee kukoroga, kitu kinashika chini.

Usiku mchanganyiko ulikuwa mzito, rangi ya chungwa iliyofifia, na povu lake lilikuwa povu kweli. Tukaujaza kwenye mikebe ya sardini. Nililala nikijisikia kiwanda.

Asubuhi ulikuwa laini kama bukari (ugali) mbichi. Nikasema tuupe siku moja. Siku ya pili, laini. Siku ya tatu kijana wangu akabonyeza, kidole kikazama mpaka kiungo cha kwanza, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mama, mbona haigandi?" nikauliza.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani alikwambia sabuni ya majivu inaganda? Sisi tulikuwa tunaifunga kwenye jani la mgomba, unachota kwa vidole."

Nilikaa chini. Majivu ya mimea ya nchi kavu yana potasiamu, na ganda la ndizi ndilo limejaa potasiamu hasa. Sabuni ya potasiamu ni laini, ya sodiamu ni ngumu. Soda ya majivu, ile yenye sodiamu, ilipatikana zamani kwa kuchoma mimea ya pwani, inayokunywa chumvi ya bahari. Sentensi mbili za kwanza nimewahi kuzitungia mtihani. Nilimpa sifuri mtoto mmoja aliyezigeuza.

Usiku huo nilifungua daftari zangu za ISP, chuo cha ualimu, zile ambazo mke wangu amekuwa akitaka kuziwashia mbabula. Ilikuwemo, nusu ukurasa: chumvi ya kawaida ni sodiamu na klorini; ukiitia kwa wingi kwenye sabuni laini ikiwa moto, sodiamu inachukua nafasi ya potasiamu, na sabuni inajitenga na maji kwa sababu haiwezi kukaa ndani ya maji yenye chumvi kali.

Kesho yake tukarudisha yote kwenye chungu, tukaongeza maji, tukachemsha. Nikatia chumvi konzi moja, mbili, nusu kilo ikaelekea kwisha, Mama akinung'unika kwamba chumvi ni ya watu, si ya kuchezea. Halafu ikakatika. Ilikatika kama maziwa yaliyoharibika, mabonge mabonge yakapanda juu, na chini yakabaki maji ya kahawia. Watoto 3 wakapiga kelele kwa pamoja, nami nikapiga, sioni haya kusema. Tukayachota mabonge, tukayakamua kwenye kitambaa, tukayashindilia kwenye mikebe ileile.

Baada ya wiki moja tulikuwa na vipande 9. Havikuwa kama vya dukani: vilikuwa na mikunjo, vinanuka mawese kwa mbali. Lakini ukigonga mezani vinalia. Kijana wangu alichukua kimoja, akaomba karai ambalo mama yake alikuwa amekaangia sambaza, akasugua peke yake uani, akalishika juani, akalichungulia kwa ndani.

Mama hakukubali kutumia hivyo vigumu. Alikuwa ameshaweka pembeni bonge lake la laini, kabla ya chumvi, limefungwa kwenye jani, na alioshea nywele mpaka likaisha.

Sufuria ipo hadi leo, nyeusi ndani kama ilivyokuwa siku ile. Mke wangu huchemshia maji ya kuoga tu, na mgeni akiuliza iliungua na nini, ananyoosha kidole upande wangu, anaendelea na kazi yake.