Usafi wa ofisi na usafi wa kiwanda

Jamani, anayesema "usafi ni usafi tu" aje Mtwara afanye zamu moja kwenye kiwanda cha kubangua korosho.

Nimesafisha ofisi mjini muda mrefu. Pale unawahi kabla ya wenyewe, unapiga deki, unafuta vioo, unamwaga taka, choo kinanukia. Bosi anakagua kwa macho na pua, basi.

Kiwandani ni habari nyingine. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuacha vidole vyeusi; mama zetu wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu kwanza. Mafuta hayo yakiganda sakafuni, dekio na sabuni ya unga havifui dafu. Unavaa glovu nzito, buti, miwani na ovaroli. Mashine huigusi mpaka fundi azime umeme na swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo unakaa nao wewe unayeingiza mkono. Na vumbi lile kavu usilipulize kwa kompresa! Likitanda hewani, cheche moja inaweza kulilipua. Linavutwa kwa mashine, taratibu.

Halafu ukivuka kwenda chumba cha korosho nyeupe, unabadilisha nguo na vifaa vyote, maana kule ni chakula cha watu.

Malipo yamezidi kidogo tu ya ofisini (hapo sijaelewa bado).

Wadogo zangu mnaoniuliza nafasi msimu huu, kabla ya kuuliza mshahara ulizeni glovu ananunua nani.