Nilivyoacha kukosea subjonctif ya Kifaransa

Subjonctif ni umbo la kitenzi ambalo Kifaransa hutumia baada ya maneno kama "nataka" na "lazima". Kwa muda mrefu niliandika "je veux qu'il vient", na kila mara mwalimu alipiga mstari mwekundu. Nilikariri orodha za vitenzi, zikanitoka kichwani.

Kilichonifungua macho ni lugha yangu mwenyewe. Hatusemi "nataka anakuja", tunasema "nataka aje". Ile -e ya mwisho! Penye "nataka aje", Kifaransa kina "je veux qu'il vienne". Penye "lazima twende", "il faut que nous allions". Hata "natumaini atakuja" inakubaliana: "j'espère qu'il viendra", bila subjonctif.

Ila kipimo hiki hakifiki kwenye "bien que" (ingawa), "avant que" (kabla), wala kwenye furaha na hofu: "je suis content qu'il soit là", japo sisi husema "nafurahi kwamba yupo". Hayo, ambayo nayo hutaka subjonctif, niliyakariri peke yake.