Siku niliyoigeuza simu ya Ami iwe ya Kiswahili

Ami yangu ni nahodha wa mashua ya uvuvi, mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu, na simu yake ya Android ina umri wa miaka mitatu. Kwa muda wote huo aliitumia kwa mambo manne tu, yaani kupiga, kupokea, kutuma fedha na kusikiliza sauti anazotumiwa na watoto wake walioko bara. Mwezi uliopita alinikuta nimeketi barazani baada ya Alasiri, akanikabidhi simu, akasema, "Mwanangu, herufi za kitu hiki zimekuwa kama mayai ya chawa. Nitazamie."

Nilifungua mipangilio nikakuta kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Ami huielewa kwa kubahatisha. Kabla ya kugusa ukubwa wa herufi, niliingia sehemu ya lugha nikachagua Kiswahili, kisha nikaanza kupita ukurasa baada ya ukurasa ili nione kama tafsiri yake inaeleweka. Hapo ndipo mimi mwenyewe, ambaye nimetumia simu za aina hii kwa zaidi ya miaka kumi, nilipotambua kwamba sikuwahi kuisoma simu yangu. Nilipokuwa nikiona majina ya Kiingereza niliyapita kama mtu anavyopita mabango ya zamani. Nilipoyakuta yameandikwa "Ufikivu", "Usinisumbue", "Kubandika programu" na "Historia ya arifa", nililazimika kusimama na kujiuliza kila jina lina maana gani.

Ufikivu ndio mlango ambao watu wengi hawaufungui, kwa kuwa wanaamini umewekwa kwa ajili ya wasioona au wasiosikia peke yao. Ni kweli kwamba waliutengeneza kwa kuwafikiria hao, lakini mtu mwenye macho mazima aliyesimama gatini saa saba mchana, jua likimpiga usoni, hana tofauti kubwa na mtu mwenye macho dhaifu. Humo nilimkuzia Ami maandishi ya simu nzima, nikayakoleza, kisha nikawasha kinachoitwa "Ukuzaji", ambacho nilikipanga ili mtu akigonga kioo mara tatu, mahali alipogonga papanuke, naye aweze kulisogeza lile eneo kwa vidole viwili. Ami alikijaribu kwa kusoma ujumbe wa fedha alizopokea, akahesabu sifuri moja moja, akanitazama kama kwamba nilikuwa nimemficha jambo hili makusudi. Simu za Apple nazo zina programu yake ya kukuzia inayotumia kamera, na inafaa sana kwa maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa.

Jambo lililonifurahisha mimi zaidi liko kwenye kibodi. Kile kitufe kirefu cha chini, kinachoacha nafasi kati ya maneno, kina kazi ya pili: ukitelezesha kidole juu yake kushoto au kulia kwenye kibodi ya Google, au ukikibonyeza kwa muda kwenye simu ya Apple, kile kijistari kinachowaka na kuzima husogea herufi baada ya herufi. Wanaoandika Kiingereza huenda wasiione thamani yake kama sisi, kwa sababu katika Kiswahili kosa hukaa kichwani mwa neno. Nani ametenda, lini, na ametendewa nani, yote hayo yamepangwa mwanzoni, na mtu akikosea huko inambidi aufikie mwanzo wenyewe. Niliwahi kumwandikia mteja "hatutakupelekea" ilhali nilikusudia "tutakupelekea". Herufi mbili tu ziligeuza ahadi yangu kuwa ukatili, na zamani ningefuta neno zima, au ningedonoa kioo kwa kidole mara tano nikikosa pale nilipopalenga. Sasa natelezesha kidole, nafuta herufi mbili, naendelea.

Kibodi hiyo hiyo ina kamusi ya binafsi, ambamo unaweza kuweka kifupisho na maneno yake kamili. Nimeiwekea yangu herufi "asl", nayo hunipendekezea "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh", nikaona kwamba ni heshima zaidi kuliko zile herufi kavu ambazo watu hurushiana kwenye makundi. Nimeweka pia anwani ya duka na maelezo ya jinsi ya kufika kutoka gatini, kwa kuwa mitaa yetu ina vichochoro vinavyomchosha mgeni, na kuyaandika upya maelezo hayo kila siku kunamchosha mwenyeji.

Kuhusu kuandika kwa sauti, Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017, na inafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Unagusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi, unasema, maneno yanajipanga. Ami alikipenda kifaa hiki mara moja, kwa kuwa vidole vyake vimekakamaa kwa kamba. Ujumbe wake wa kwanza ulikwenda kwa kijana anayemnunulia samaki, ambaye ni mtu wa Nakuru, na kwa Kiamu chake safi alimwambia, "Ndoo upesi, samaki wako tayari." Simu iliandika neno lile barabara kama lilivyotamkwa. Kijana naye akajibu, "Niletewe ndoo ngapi, mzee?" Ami alisisitiza kwamba simu haina kosa, na kwa kweli haikuwa na kosa, walioachana hapo ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu ambayo "njoo" huitamka "ndoo", na Kiswahili cha bara.

Kabla sijamrudishia simu yake, nilimwekea kinga dhidi ya mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto huyo hupewa simu atazame katuni, na wiki moja kabla ya hapo alikuwa amempigia mtu wa Malindi mara tatu, kisha akatuma sauti kumi na moja tupu katika kundi la ukoo, siku ambayo watu walikuwa wakipeana habari za msiba. Kubandika programu ndiyo dawa yake. Kumekuwepo kwenye Android tangu mwaka 2014, na sijui hata mtu mmoja katika mtaa wetu aliyekuwa akikutumia. Ukishakuwasha, unafungua katuni, unakwenda kwenye orodha ya programu ulizotumia karibuni, unagusa alama yake na kuchagua kubandika. Kuanzia hapo mtoto hawezi kutoka kwenye katuni hiyo, na ukiweka sharti la namba ya siri, hata akibahatisha kutoka atakuta simu imefungwa. Apple wana jambo linalofanana na hilo tangu mwaka 2012, nalo liko kwenye sehemu yao ya ufikivu.

"Usinisumbue" sitakueleza kwa kirefu, ila wengi huogopa kuiwasha kwa kudhani watakosa habari ya dharura. Unaweza kuiambia iwaruhusu watu uliowachagua, na pia impitishe yeyote anayepiga mara ya pili ndani ya dakika kumi na tano. Kwa msikiti wetu wakati wa sala ya Ijumaa, ningependa kila mtu ajue hili.

Historia ya arifa nayo ilikuja mwaka 2020 na Android 11. Ukiiwasha, hukuwekea arifa zote zilizopita kwa muda wa saa 24, zikiwemo zile ulizozifuta kwa bahati mbaya kwa kupangusa kioo. Huonyesha pia maneno ya ujumbe ambao aliyeutuma ameshaufuta, na kwa jambo hilo sina hakika kama nimemtendea wema mtu yeyote kwa kumfahamisha.

Siku mbili baadaye tulitoka pamoja baharini, na huko nilipata somo langu. Nilikuwa nimeipakua ramani ya Google ya eneo letu, kuanzia Lamu na Manda hadi Pate na Kiunga, ili itumike bila mtandao. Watu wengi hudhani kwamba ramani hufa pale mtandao unapokatika, kumbe simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,000 na zaidi, na kupokea huko hakuhitaji bando hata kidogo. Kile kitone cha buluu kiliendelea kutembea nasi kama kivuli. Kasoro yake ni kwamba bila mtandao ramani hiyo hukuelekeza njia ya gari tu, haitoi njia ya mtu wa miguu, na kwa mji wetu wa punda na vichochoro hicho ni kichekesho.

Nilimwonyesha Ami kwa majivuno. Aliitazama kwa makini, akaweka ukucha wake juu ya Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, akauliza, "Hapa wanasema kuna nini?" Nilimjibu kwamba panaonyesha maji. "Maji ya saa ngapi?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, kwa sababu rangi ile ya buluu haisemi kama bahari imejaa au imekupwa, na chombo kinachoingia Mkanda maji yakiwa yametoka hukaa juu ya tope kikisubiri. Akanirudishia simu bila kusema neno.

Hata hivyo aliondoka na jambo moja la baharini. Vidole vilivyolowa maji na magamba huuchanganya mguso, kwa kuwa kioo hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme, nayo maji huiyumbisha. Nilimfundisha kwamba akibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili kwa haraka, kamera hufunguka, na kitufe cha sauti kinapiga picha, hivyo hana haja ya kugusa kioo hata mara moja. Alimpiga picha nguru wake akiwa bado anatapatapa, na nguru huyo aliuzwa kabla hatujafika gatini.

Juzi alinijia tena barazani akiwa amekunja uso, akataka nimpunguzie herufi. Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyezilalamikia. Akasema anaziona vizuri mno, lakini juzi alipokuwa kwenye boti la abiria kutoka Mokowe alifungua ujumbe wa mkewe, na mtu aliyeketi nyuma yake akamwambia, "Nahodha, usisahau vitunguu."