Siku yangu na chokaa iliyolala

Saa 11 na nusu alfajiri. Muhogo wa jana, chai ya rangi, andalio la somo mapajani. Nafundisha kemia kidato cha tano hapa Tanga, na leo tunakokotoa mabadiliko ya enthalpi (joto linaloingia au kutoka) na entropi (kiasi cha kutawanyika). Nimechagua mfano wa jiwe la chokaa. Kwetu halihitaji kuelezwa: watoto wameshaingia Mapango ya Amboni, na hayo ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji.

Saa 1 kasoro niko juu ya baiskeli, natoka Ngamiani. Njia nzima kengele tu.

Saa 2 na dakika 40, darasani. Jiwe likichomwa linabaki kalsiamu oksaidi, ndiyo chokaa mbichi, hewa ya ukaa inatoka. Tukachukua enthalpi za uundaji kwenye jedwali: −635.1 na −393.5 za mazao, toa −1206.9 ya jiwe. Jibu +178.3 kilojuli kwa moli, kipimo chetu cha wingi wa chembe. Jiwe linadai moto. Entropi: 39.8 ya chokaa, 213.7 ya gesi, toa 92.9 ya jiwe, tukapata +160.6 juli kwa moli kwa Kelvini. Kwa utaratibu somo ni la Kiingereza, ila hapa nilihamia Kiswahili, nikawaambia gesi ni kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia. Wakacheka, wakashika.

Sasa joto la kuvunjia jiwe: gawa enthalpi kwa entropi. Kijana wa dawati la nyuma akawahi kunyoosha mkono.

"Madam, 1.11 Kelvini."

Hiyo ni baridi ya nyuzi 272 chini ya sifuri. Kabla sijafungua mdomo, binti wa mbele akageuka: "Kwa hiyo Amboni yote ilishageuka unga zamani?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Ningeweza kuwafokea siku nzima kuhusu vipimo isingefaa kama swali lile. Enthalpi ilikuwa kilojuli, entropi juli. 178,300 gawa kwa 160.6 ni 1110 Kelvini, yaani nyuzi 837 za Selsiasi. Nikaongeza kwamba ukipima hasa ni karibu nyuzi 900, gesi ikiwa na kanieneo ya angahewa moja, kwa sababu sisi tumechukulia enthalpi na entropi hazibadiliki joto linapopanda. Zinabadilika. Wachache waliandika hilo; wengi walishaanza kunusa maandazi ya saa nne.

Saa 6 mchana, maabara, na hapa ndipo nilipoaibika. Niliwaahidi maajabu: dondosha maji kwenye chokaa mbichi, kila moli itatoa kama kilojuli 65, themomita ipande mbio. Tukadondosha. Themomita ikakaa kimya. Tukaongeza maji, tukapata uji mweupe, baridi.

"Madam, imelala," akasema yule wa 1.11 Kelvini, kama anazungumzia wali.

Alisema kweli. Kopo halikufungwa vizuri, na hewa ya pwani ina unyevu: chokaa ilikunywa maji kidogo kidogo kabatini, joto lake likatoka bila shahidi. Nikadondoshea asidi chembe chache kuona kama imeshavuta hewa ya ukaa ikarudi kuwa jiwe. Mapovu machache tu. Basi kwa sehemu kubwa ilikuwa hidroksaidi, yaani chokaa iliyokwisha kunywa maji.

Saa 10 mpaka saa 12, kikao. Tuyaache.

Saa 3 usiku nasahihisha madaftari, nusu ya darasa hawajaandika vipimo. Mawazo yamebaki kwenye kopo. Nyuma ya karatasi nikakokotoa: hidroksaidi kurudi oksaidi na mvuke, enthalpi +109.2, entropi +145.2. Jibu 752 Kelvini, nyuzi 479. Hiyo jiko la mkaa linaiweza! Kama ingekuwa imerudi jiwe, nisingejisumbua.

Nikatia kijiko kimoja kwenye kopo kuukuu la maziwa, nikalizika ndani ya makaa mekundu, nikakaa pembeni napepea. Jirani akachungulia uani.

"Mwalimu, wapika nini usiku huu?"

"Chokaa, bi mkubwa."

Akanitazama, akarudi ndani.

Saa 5 kopo limepoa. Nimevaa miwani, nimesogeza uso mbali, nikadondosha tone la maji. Likalia chwaa, mvuke ukapanda.

Nimeifunga kwenye chupa ya kizibo, na nta juu. Kesho kipindi cha kwanza.