Maji Yetu Yanachemka kwa Nyuzi 93

Kila kitabu cha fizikia cha kidato cha pili kinasema maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Mada hiyo niliifundisha kwenye shule ambayo maji yake hayajawahi kufika huko, na mengi niliyojifunza kuhusu kufundisha sayansi yalitokana na zile nyuzi saba zilizopungua.

Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, nasomea ualimu wa fizikia na kemia. Mazoezi ya kufundisha, yaani TP, nilipangiwa shule ya kata ya kutwa iliyo juu ya Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Anayekujua huko anajua Julai yake ilivyo: ukungu haunyanyuki mpaka saa nne, viazi kila upande, na mwanafunzi anaingia darasani amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Nilitoka Iringa nikidhani baridi naijua.

Chuoni tulikuwa tukifundishana wenyewe kwa wenyewe. Wenzako wanakaa kama wanafunzi, jibu wanalijua tayari, na ukikwama mmoja anakuokoa kwa swali jepesi. TP haina huruma hiyo. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya sabini, watatu watatu kwenye dawati, na kitabu kimoja kinazunguka kwa watano. Jengo la maabara lilikuwepo, mojawapo ya yale yaliyojengwa kwa michango ya wananchi baada ya Rais Kikwete kuagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Ndani kulikuwa na meza ndefu za zege, sinki kavu na kabati moja. Nilipolipekua lile kabati nikapata vipimajoto vinne vizima, vile vya spiriti nyekundu vyenye alama mpaka 110. Nikaamua hivyo vinne ndivyo vitakavyobeba mada yangu ya joto.

Mwalimu wa somo, mtu mpole aliyekuwa na vipindi vingi kuliko saa za siku, alinishauri nichore kipimajoto ubaoni niendelee mbele. "Wakishaanza kushika vitu, kipindi kimeisha," alisema. Hakuwa mbali na ukweli. Kipindi ni dakika 40, na watoto sabini kuhama tu kutoka darasani kwenda uwanjani kunakula dakika kumi. Nikamwomba aniachie siku yenye vipindi viwili mfululizo, akakubali kwa sharti kwamba azimio la kazi, yaani ratiba ya mada za muhula, lisirudi nyuma.

Majiko ya mkaa manne niliyaazima nyumba za walimu. Tuliyawasha nje kwa makusudi. Kwa baridi ile madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Sufuria ndogo nne, maji ya bomba, kipimajoto kimefungwa kamba kwenye kijiti ili tungi lake lining'inie ndani ya maji bila kugusa chini. Kila kikundi nilikigawia kazi: huyu anasoma kwa sauti, yule anaandika, mwingine anatazama saa, wengine wanasogea kwa zamu kuhakiki usomaji. Bila mgawanyo huo, watoto kumi na wanane kwenye jiko moja wanaota moto tu, na siwalaumu.

Kila dakika usomaji. Arobaini, hamsini na tano, sabini na moja. Kufikia tisini kelele zikapungua. Maji yakaanza kutokota hasa, mapovu makubwa kutoka chini, na wekundu ukasimama. Vikundi viwili nilisikia vikisoma 93, kimoja 92, kingine 93 na kitu. Dakika ikapita, nyingine ikapita, wekundu palepale. Nilifurahi, maana hicho ndicho nilichotaka wakione: maji yakishachemka, moto hauongezi tena joto lake, unayageuza kuwa mvuke.

Jioni nikakusanya madaftari. Vikundi vyote vinne viliandika 100. Si mwisho tu. Grafu zilikuwa zimenyooshwa kwa rula zikatue 100 kwa adabu. Kwenye daftari la binti mmoja 93 ilikuwa bado inaonekana chini ya raba. Karatasi ilikuwa imechubuka kwa kufutwa, na 100 imekandamizwa juu yake kwa peni.

Kesho yake nikamwita, pembeni, si mbele ya wenzake.

"Jana ulisoma ngapi?"

"Tisini na tatu, madam."

"Mbona hapa ni mia?"

"Kitabu kinasema mia, madam. Hivyo vipimajoto vya shule ni vibovu."

Hilo jibu nililipenda kuliko madaftari yote yaliyobaki. Wengi walikuwa wamemfuata mwalimu na kitabu bila kuuliza. Huyu alikuwa na sababu, na sababu yenyewe inapimika. Basi kipindi kilichofuata nikakijenga juu ya swali lake: vipimajoto ni vibovu au sivyo?

Kipimajoto hupangwa kwa vituo viwili, kile cha barafu inayoyeyuka na kile cha maji yanayochemka. Cha pili ndicho kinachobishaniwa, basi tukakiendee cha kwanza. Nikatelemka Uyole kutafuta barafu kwa mama mmoja mwenye friza. Alinitazama usoni kisha akatazama kitenge nilichojifunika mpaka masikioni. "Barafu? Leo?" Wateja wake wa mwezi huo walikuwa mimi peke yangu, nadhani. Tuliivunja kwa nyundo, tukaichanganya na maji kidogo kwenye kikombe, tukatumbukiza vipimajoto vyote vinne. Vitatu vikasimama kwenye 0, kimoja chini yake kidogo. Safari hii nilikuwa nimeweka sheria: usomaji unaandikwa kwa peni ubavuni mwa ukurasa, hakuna raba, na kiongozi wa kikundi anakuja kuuandika ubaoni kabla kitabu hakijafunguliwa. Nambari za vikundi vyote zikakaa ubaoni pamoja, na mtu aliyetaka kudanganya angedanganya peke yake mbele ya darasa.

Barafu, sifuri. Vipimajoto si vibovu. Basi ni nini?

Kijana mmoja akasema labda ni maji ya huku, yana madini. Wazo zuri pia, ila vitu vilivyoyeyuka kwenye maji hupandisha kiwango cha kuchemka, havishushi. Tukatia chumvi nyingi kwenye sufuria moja, tukaona ikipanda kidogo. Mwingine akasema mkaa hauna nguvu. Wenzake wakamjibu wenyewe kwamba maji yalikuwa yanatokota, sasa nguvu gani tena.

Nilipofika kwenye mgandamizo wa hewa sikuanza na maelezo. Nilikuwa nimenunua bomba la sindano kubwa kwenye duka la dawa, lisilo na sindano. Unavuta maji ya moto, si yanayochemka, yale ambayo kidole kinayakimbia, unatoa hewa yote, unaziba tundu kwa kidole, kisha unavuta mti wa bomba kwa nguvu. Maji yanachemka mkononi mwako. Mapovu yanafumuka bila moto wowote, na ukiachia mti, yanatulia. Darasa zima lilisimama juu ya madawati. Nilirudia safu kwa safu mpaka kila mmoja ameona kwa karibu, na pale azimio la kazi likaachwa nyuma, siwezi kukataa.

Baada ya hapo maelezo yalikuwa mepesi. Hewa iliyo juu yetu ina uzito na inayakandamiza maji kama mfuniko. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako ni chache, mfuniko ni mwepesi, mvuke unajinasua mapema. Programu ya simu yangu ilionyesha shule iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 na ushee. Mgandamizo wa hewa hapo ni karibu sehemu nne kati ya tano za ule wa Dar es Salaam. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka kwa nyuzi moja hivi. Wakagawa 2,000 kwa 300, wakapata karibu saba, wakatoa kwenye mia. Yule binti wa raba alimaliza kabla yangu.

Ndipo mambo ya nyumbani yakaanza kumiminika. Kwa nini maharage huku yanakula mkaa kiasi hiki, na shangazi wa Dar anasema kwake yanaiva upesi. Kwa nini bibi anaweka jiwe juu ya mfuniko. Kuhusu jiwe niliwaambia ninavyoamini: linasaidia kuzuia mvuke na joto lisipotee, lakini mgandamizo linaoongeza ni mdogo kwa sababu mvuke unatokea pembeni. Sufuria ya presha, yenye mpira unaoziba kabisa, ndiyo inayopandisha joto kupita mia hata huku kwetu. Hawakuridhika wote, na mabishano ya jiwe yaliendelea mpaka kwenye mstari wa uji.

Mabishano hayo yalikuwa kwa Kiswahili. Sekondari fizikia hufundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni Kiingereza, na watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Ukiuliza kwa Kiingereza "kwa nini", wanaonyoosha mkono ni walewale watatu wa mbele. Nilichofanya ni kuwaachia wabishane kwenye vikundi kwa Kiswahili, kisha kila kikundi kiandike sentensi mbili za Kiingereza pamoja, tuzisahihishe ubaoni. Nafahamu wapo walimu wasioupenda utaratibu huo. Ila mimi sijaona mtoto akibishana kwa lugha anayoitafuta neno neno.

Mwalimu wa somo alikuwa na wasiwasi mwingine, na ulikuwa wa haki. "Sasa mtihani ukiuliza maji yanachemka kwa ngapi, watajibu 93?" Tukafungua kitabu pamoja kwenye ofisi ya walimu. Kimeandikwa wazi kwamba nyuzi 100 ni kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, milimita 760 za zebaki, yaani usawa wa bahari. Maneno hayo yapo siku zote, watu wanayaruka. Nikawafundisha watoto kuyapigia mstari: mtihani ukitaja mgandamizo wa kawaida, jibu ni 100, ukikupa vipimo, jibu linatoka kwenye vipimo hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama bomba la sindano litabaki shuleni.

Mkufunzi kutoka chuoni alikuja kunitathmini nikiwa kwenye kemia, si kwenye hii mada niliyojivunia. Bahati ndivyo ilivyo. Nilikuwa na kabichi nyekundu kutoka sokoni Mwanjelwa, iliyokatwakatwa na kuchemshwa, na maji yake ya zambarau yakigeuka mekundu kwenye limao na ya kijani kwenye magadi. Alikaa nyuma na fomu yake, akaniandikia kwamba andalio la somo ni refu mno na sauti yangu haifiki dawati la mwisho. Yote mawili kweli. Lakini pia aliokota daftari la mtoto aliyekaa karibu naye, akaona vipimo vimeandikwa kwa peni ubavuni, kimoja kimekatwa kwa mstari mmoja na kingine kuandikwa pembeni, vyote vinasomeka. Akauliza nani kawafundisha hivyo. Mtoto akajibu kuwa kwa madam haturuhusiwi kufuta.

Kwenye jaribio la mwisho sikuuliza maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. Niliwapa Dar es Salaam, mji wa Mbeya ulio kwenye mita 1,700 hivi, shule yetu, na Kitulo iliyo kwenye mita 2,600 hivi, wazipange kuanzia mahali maharage yanapoiva upesi, na waeleze. Wengi walipata mpangilio. Maelezo waliyapata kama nusu yao, na walioshindwa walishindwa zaidi kwenye Kiingereza kuliko kwenye hewa. Mmoja alimaliza mapema akaongeza mstari wake mwenyewe chini: kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, nyuzi 80. Hakuulizwa. Nikampa alama moja ya ziada, na mwalimu wa somo, aliyekuwa akisahihisha pamoja nami, akaniuliza hiyo alama inaingia kwenye safu gani ya fomu.