Shangazi Yangu Ndani ya Boma la Iringa

Niliondoka Iringa mwaka 2007 nikiwa na sweta moja na anwani ya rafiki yangu aliyekuwa akisoma Bremen, Ujerumani. Niliporudi Julai iliyopita, basi lilipomaliza kupanda mlima wa Kitonga na baridi ikaanza kupenya madirishani, nilijua kwamba nimefika nyumbani ingawa Ipogolo, mlangoni mwa mji, ilikuwa bado mbali. Mengi yamebadilika mjini, lakini mimi nataka kuzungumzia nyumba moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza kuliko barabara na maghorofa yote mapya.

Nyumba hiyo ni Boma. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, miaka miwili baada ya kufa kwa Mkwawa, Mtwa (yaani chifu) wa Wahehe, na kwa miaka mingi, wakati wa Mwingereza na hata baada ya Uhuru, lilitumika kwa shughuli za serikali. Utotoni niliwahi kufika pale na marehemu baba, ambaye alivua kofia tangu kwenye ngazi na kushusha sauti kana kwamba tunaingia msibani. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Watu wa rika lake walilichukulia Boma kuwa mahali pa kuitwa, si mahali pa kwenda kwa hiari.

Mwaka 2016, mimi nikiwa ughaibuni, jengo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Leo unapanda ngazi zile zile, unalipa kiingilio, na anayekupokea ni kijana mwenye tabasamu. Nilikwenda na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ameishi mwendo wa nusu saa kutoka hapo maisha yake yote na hakuwahi kukanyaga ndani. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, kamwene," akiongeza salamu ya Kihehe, kisha akasimama kizingitini kwa muda, kama anayesubiri ruhusa nyingine.

Historia inayosimuliwa mle si ngeni kwa mtoto wa Iringa, lakini kuisoma ukutani mwa nyumba iliyojengwa na washindi ni jambo jingine kabisa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, na yeye mwenyewe akauawa. Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakiwa na mizinga, wakaivunja ngome ya Mkwawa ya Kalenga, lakini yeye akaendelea kuwasumbua porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao tungedhani ulihusu mambo ya Ulaya peke yake, una kifungu cha 246 kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Hata hivyo ilipita miaka mingine 35 kabla ya Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulikabidhi Kalenga mwezi Juni 1954, mbele ya Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo Twining alilipata katika jumba la makumbusho la Bremen. Nimepita mbele ya jumba hilo, karibu na stesheni ya treni, mara zisizohesabika nikiwahi kazini, na nakiri kwamba ilinichukua miaka mitatu kuingia. Kwa hiyo nilipomwona shangazi amesita mlangoni mwa Boma, sikumharakisha.

Nina lawama moja, ya kindugu. Makumbusho yanaeleza mengi kuhusu mkoa, lakini ningependa nyumba yenyewe isimuliwe kwa kirefu zaidi, chumba kwa chumba: nani aliketi hapa, nani alisimamishwa pale, na karatasi gani zilipigwa mhuri kwenye meza ipi. Jina la mji wetu limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome, na ngome iliyokusudiwa ni ya Mkwawa. Boma nalo, kabla ya kuwa ofisi ya mkoloni, lilikuwa uzio wa kuzuia ng'ombe wasitoke. Mgeni anayesoma maneno hayo mawili kwenye ramani moja angestahili kuelezwa ni nani aliyekuwa akimzungushia mwenzake uzio.

Kilichonifurahisha zaidi hakikuwa ukutani. Tulipofika kwenye vyombo vya nyumbani, shangazi aliinama mbele ya kikapu cha milulu, akakitazama ndani na nje, kisha akasema kwamba msusi wake ni hodari ila kikapu hicho hakijawahi kukaa karibu na moshi wa jiko. Kijana akacheka, akamuuliza maswali. Kutoka hapo mimi nikawa mfuasi tu nyuma yao, kwani shangazi alianza kumweleza chombo gani kilikuwa cha wanawake, kipi hakikuazimwa kwa jirani, na kila kimoja kwa jina lake la Kihehe, kwa sauti ile anayoitumia akiwa uani kwake.

Kijana alitoa daftari mfukoni akawa anaandika. Alipomaliza, shangazi alimtaka amsomee alichoandika, akamsikiliza kwa makini, akamsahihisha mara mbili.