Nilivyopiga rangi Corolla yangu mwenyewe kwenye upepo na vumbi la Dodoma

Ukisema unataka kupiga rangi gari lako mwenyewe, kila mtu anakuwa fundi. Futa kwa mafuta ya taa. Pulizia juani saa sita, itakauka chapchap. Ongeza tina, rangi iwe nyepesi. Ushauri huo niliupewa na watu wazima, tena kwa kujiamini, na wengi wao kazi waliijulia Dar. Gari langu limekwisha, liko barabarani, linang'aa, na sikufuata hata kimoja. Naandika kwa sababu naona vijana hapa mjini wanamwaga pesa zao kwa maneno hayo hayo.

Gari ni Corolla AE110 nyeupe, ile ya injini ya 5A. Paa lilikuwa limepauka kiasi kwamba ukipitisha kidole kinatoka na chaki. Boneti iliwahi kupigwa rangi na mwenye gari aliyenitangulia, ikawa inabanduka magamba. Chini ya milango ya nyuma kutu ilishaanza kula. Gereji niliyoanzia walitaja milioni na ushee. Nyingine ikataja laki sita, nikamuuliza fundi atatumia praima gani, yaani rangi ya msingi ya chini, akasema "tutaangalia." Nikaaga.

Watu husema rangi imezeeka, lakini mwuaji ni jua. Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na sehemu kubwa ya mwaka hakuna wingu la kukinga. Miale ya jua huvunja ile resini inayoshikilia chembe za rangi, chembe zinabaki juu zikiwa unga. Ndiyo maana paa na boneti hutangulia kuharibika huku milango ikiwa bado mizima.

Kabla ya kununua chochote nilifungua boneti nikatafuta kibati chenye herufi C/TR. Namba ya kwanza pale ndiyo rangi, na kwangu ni 040. Kisha nikachukua msasa wa maji namba 1500 nikasugua sehemu ndogo iliyofichika kwenye mlango. Maji yakatoka meupe, na nikiunganisha na ile chaki ya paa nikaona rangi haikuwa na klia juu yake, yaani ule utando wa juu usio na rangi. Kwenye gari jeupe maji peke yake hayatoshi, maana klia nayo ikisuguliwa hutoa maji meupe-meupe. Kwa hiyo nikanunua nyeupe ya tabaka moja inayochanganywa na hadena, ile dawa ya kuigandisha, na gharama ya klia nikaiepuka yote. Ningemsikiliza muuza duka ningetoka na makopo mawili.

Nilibaki na rangi ile ile kwa makusudi. Ukibadilisha rangi ya gari, inabidi ubadilishe na taarifa za usajili TRA, kwa sababu rangi imeandikwa kwenye kadi. Halafu utalazimika kupiga kingo za ndani ya milango, ndani ya buti na chini ya boneti, kazi ambayo kwa mtu wa kawaida ni kubwa kuliko gari lenyewe kwa nje.

Sasa nirudi kwenye mafuta ya taa na jua la saa sita, maana hapo nilitaka jibu la macho. Nilinunua fenda mbovu kwa wauza chuma chakavu, bei ya soda chache tu, nikaipiga msasa yote sawasawa na kuigawa katikati kwa tepu ya karatasi. Nusu moja nikaifanya kama walivyonielekeza: nikafuta kwa mafuta ya taa, nikaiweka juani mchana mpaka bati likawa halishikiki, nikapulizia rangi iliyojaa tina ya kawaida. Rangi ilipogusa bati ikaanza kukimbia, ikaacha vishimo vidogo vidogo ambavyo hata ukirudia juu yake havizibiki, kwa sababu mafuta ya taa huacha utando wa mafuta na rangi haikai juu ya mafuta. Pale nilipopitisha nyembamba, tina iliruka hewani kabla rangi haijatua, ikatua kavu na yenye makwaruzo, ganda la chungwa kabisa. Pale nilipopitisha nzito, juu palifunga haraka na tina iliyonaswa ndani ikatafuta njia, yakatoka malengelenge. Nusu ya pili niliosha kwa sabuni ya vyombo, nikasuuza, nikaifuta kwa dawa ya kuondoa grisi na silikoni, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka, nikapulizia asubuhi na mapema kwa tina ya taratibu, ile inayouzwa kwa ajili ya joto. Ikatoka laini. Fenda hiyo nilimpelekea fundi aliyenishauri, ikiwa na pande zake mbili. Akaigeuza, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kaka, hii tina umenunua duka gani?" Nikamwelekeza.

Kwa njia, kuhusu silikoni: waosha magari wetu wanapenda kung'arisha matairi na dashibodi kwa dawa zenye silikoni, na ile dawa hurukia kila mahali, na rangi haikai juu yake kama isivyokaa juu ya mafuta. Wiki kadhaa kabla ya kazi sikumruhusu mtu yeyote aniwekee. Nililiosha mwenyewe.

Adui mkubwa lakini ni vumbi. Nakaa Nkuhungu, barabara ya mtaani ni ya udongo, bodaboda zinapita mchana kutwa. Niliamua kufanya kazi mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha lakini majani bado yameshika ardhi, na ule upepo mkali wa katikati ya kiangazi haujafika. Ila mwezi hautoshi, nilitaka kujua saa. Nikaomba kwa fundi vioo mabaki ya kioo cha dirisha, nikakata vipande, kila kimoja nikakipaka vaselini nyembamba na kukiweka juu ya stuli uani kwa muda sawa, saa tofauti za siku. Usiku ndani niliviweka juu ya kitambaa cheusi na kuvimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Majibu yalikuwa wazi mno. Kioo cha saa sita kilikuwa kimejaa chembe nyekundu. Cha jioni kilikuwa kibaya zaidi, watoto wakitoka shule na pikipiki zikirudi. Cha usiku kilikuwa kisafi ila kilikuwa na wadudu waliofuata taa. Cha tangu alfajiri mpaka kama saa mbili na nusu kilikuwa karibu kitupu, isipokuwa siku moja ambayo kilijaa ghafla. Nikachunguza nikagundua ni ufagio. Akina mama wa mtaa mzima wanafagia viwanja alfajiri!

Kwa hiyo nilikwenda kwa jirani.

"Mama Zawadi, nina ombi. Jumamosi naomba usifagie mpaka saa nne."

"Baba Imani, na haya majani ya mwarobaini yakae hapo wageni wayaone?"

"Nitafagia mimi Ijumaa jioni, kwangu na kwako, na maji nitamwaga."

Akacheka, akakubali, na akawaambia na wenzake. Bila huyu mama gari lisingetoka lilivyotoka, nasema kwa moyo wote.

Maandalizi ndiyo yaliyokula muda, tena muda mrefu. Kutu niliikwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka bati jeupe, nikapaka dawa ya kutu, kisha praima ya epoksi. Mabonde nikayajaza kwa puti, nyembamba, kwa sababu puti nene hupasuka. Joto la kwetu linaigandisha upesi, changanya kiasi kidogo tu unachoweza kusambaza mara moja, na usizidishe hadena kwa kudhani itakuwa imara zaidi. Boneti nilivua rangi yote ya yule bwana, hakuna njia ya mkato pale: rangi inayobanduka itabanduka na mpya iliyo juu yake.

Puti ukiipiga msasa kwa mkono mtupu vidole vinachimba mifereji. Funga msasa kwenye kipande cha ubao kilichonyooka. Na hapa nina kitu ninachojivunia. Mafundi wakubwa hupuliza rangi nyeusi nyepesi juu ya praima kabla ya kusugua, ili mabonde yabaki meusi na vilima viwe vyeupe. Sikutaka kununua kopo kwa ajili hiyo. Nilitwanga mkaa, nikauchekecha kwa kitambaa cha nailoni mpaka ukawa laini sana, nikaufunga kwenye soksi safi na kuugonga-gonga na kuupangusa juu ya praima iliyokauka. Bati lote likawa la kijivu cheusi. Unaposugua kwa ubao, kila bonde linabaki na weusi wake na linakuonyesha mahali pa kurudia. Mlango wa nyuma kushoto, ambao kwa macho na kwa kiganja ulikuwa umenyooka, ulinionyesha shimo refu lililosababishwa na ajali ya zamani ambayo muuzaji hakunitajia. Baada ya hapo osha vizuri mpaka usione weusi wowote, kausha, ndipo uendelee. Praima ya mwisho nilimalizia kwa msasa wa maji namba 600.

Kibanda nilijenga kwa mirunda na nailoni. Nailoni ikifungwa kila upande utajifungia na sumu, kwa hiyo niliacha nafasi pande mbili na kuzifunika kwa vyandarua vya zamani nilivyovilowesha maji. Hewa inapita, vumbi linanasa kwenye nyuzi mbichi. Chini nikamwaga maji tangu usiku na alfajiri tena, udongo ukalala.

Kuhusu pua sitanii na mtu. Hadena ya rangi hizi ina isosaianeti, na mapafu yakishapata mzio nayo inaweza kuleta pumu isiyoondoka. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote. Nilinunua ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani ya kuziba na glovu, na watoto walilala kwa bibi yao Ijumaa. Ilikuwa kitu ghali kuliko msasa wote, na ndicho cha kwanza nilichonunua. Jiko la mkaa nalo halikuwashwa uani siku hiyo, maana mvuke wa tina unashika moto.

Kompresa nilikodi. Bunduki ya kupulizia nilinunua ya bei ya chini, ya kikombe cha juu yenye tundu la milimita 1.4, nikaifanyia mazoezi kwa maji kwenye maboksi. Kopo langu lilisema sehemu 2 za rangi kwa 1 ya hadena na tina kidogo, na nilipima kwa chombo chenye alama, si kwa jicho. Nilianza na paa, bunduki ikiwa umbali wa sentimita 15 mpaka 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliopita, mkono ukitembea sambamba na bati bila kuzungusha kiwiko. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, mwepesi, subiri kama robo saa, gusa rangi iliyoangukia kwenye tepu: ikinata bila kuvuta nyuzi, endelea. Mkono wa pili na wa tatu ndiyo inayojaza. Jua lilipopanda juu ya ukuta nilikuwa nasafisha bunduki.

Chembe chache za vumbi ziliingia, za kuhesabika. Niliacha rangi ikomae kwa siku kadhaa, nikasugua kwa maji namba 1500, kisha 2000, nikamalizia kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini, kwa mkono. Mabega yaliuma lakini paa sasa linaonyesha mwarobaini wa Mama Zawadi mpaka matawi.

Jumla yote, pamoja na barakoa na bunduki ambavyo bado ninavyo, ilikuwa laki nne na nusu hivi, labda tano ukihesabu nauli. Bampa ni za plastiki, zinataka praima yake maalumu ya plastiki kabla ya rangi, ukiruka hapo zitaanza kuchubuka mwanzo kabisa. Rangi iliyobaki usiichanganye na hadena, iliyochanganywa itagandia kopo hata uifunike vipi. Mimi yangu nimeifunga vizuri, nimeandika 040 na tarehe kwenye mfuniko, iko kivulini stoo kwa ajili ya michubuko ya sokoni Majengo.